UZI: Kujiundia drone ya FPV. Chagua vifaa ambavyo vipuri vyake utavipata

FundiBawa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda anakuja mdau na swali lile lile: "Nina laki kadhaa, nataka kuunda drone, ninunue nini?" Majibu yanakuwa kila mtu anataja kifaa anachokipenda yeye, mwisho wa siku muulizaji anaondoka na mota za huku, betri za kule na kontrola (bodi inayoiongoza drone) isiyoendana na chochote. Tuyaweke sehemu moja.

Nazungumzia FPV, hizi za fremu ya kaboni unazoziunga mwenyewe na kuzirusha ukiwa umevaa miwani. Zile za DJI zinazokuja kwenye boksi tayari kwa kupiga picha za harusi zina uzi wake.

Msimamo wangu ni huu, na anayepinga aje tubishane kistaarabu: sisi tunaoagiza karibu kila kitu China na kukaa kusubiri mzigo, drone tunaichagua kwa vipuri vyake. Kasi na sifa za YouTube zije baadaye. Ni sababu ile ile iliyozijaza Toyota barabarani kwetu. FPV lazima itaanguka, na ukivunja mkono wa fremu ambayo dunia nzima inauzwa duka moja, unakaa benchi mpaka meli ije.

Kwa hiyo shikeni vipimo vinavyotumiwa na wengi. Propela za inchi 5. Kontrola na ESC (bodi inayozipa mota umeme) zenye matundu ya skrubu ya milimita 30.5 kwa 30.5. Mota za 2207 au 2306. Hapo tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa ile koili ya ndani kwa milimita, mbili za mwisho ni kimo chake. Plagi ya betri XT60. Risiva ya ELRS (mfumo wa mawasiliano kati ya rimoti na drone) ya 2.4 GHz. Kampuni moja ikiacha kutengeneza, nyingine kumi zina kitu kinachoingia pale pale bila kutoboa tundu jipya.

Fremu msihangaike nayo sana. Angalieni mikono: iwe na unene wa milimita 5, na kila mkono ufunguke peke yake. Kuna fremu ambazo mikono yote minne na kitako ni kipande kimoja. Ni nyepesi na zinapendeza, ila ncha moja ikivunjika umetupa kipande chote. Agiza mikono miwili ya akiba siku ile ile unayoagiza fremu. Propela agiza seti nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, halafu ongeza.

Pesa kubwa iende kwenye vitu visivyoanguka: rimoti, miwani, chaja na chuma cha kulehemu. Hivyo vitakaa na wewe huku drone tatu nne zikipita mikononi mwako. Rimoti kama RadioMaster Pocket, iliyotoka 2023, ina ELRS ndani, inatumia programu ya EdgeTX na haifiki dola 100. Unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kujifunzia kwenye simulator kama Liftoff au Velocidrone. Mimi ningemwambia kila anayeanza anunue rimoti peke yake kwanza, acheze simulator mpaka aweze kuizunguka nyumba bila kuigonga, ndipo aagize kingine. Wengi hawataki kusikia hili.

Kwenye kontrola tafuta chipu ya F405, F722 au H743. F411 bado zipo na ni bei chee, lakini zina milango michache ya UART, yaani sehemu za kuungia vifaa vingine. Ukishaunga risiva, ukaunga video, siku unayotaka kuongeza GPS huna pa kuichomeka. Hakikisha pia jina la bodi lipo kwenye orodha ya Betaflight, programu inayoendesha kontrola. Kama halipo, hata iwe bei ya chai, iache dukani.

Karibuni.

---

msee_wa_umeme

Salamu kutoka Nairobi. Uzi safi.

Niongezee upande wa vitu msivyopaswa kuagiza nje. Huku Luthuli Avenue unapata waya wa lehemu, fluksi (dawa ya kufanya lehemu ishike), mpira wa kusinyaa kwa moto, waya nene za silikoni, multimita, vifungo vya plastiki, kapasita na spana. Nadhani Kariakoo ni hivyo hivyo. Hakuna haja ya kulipia usafiri wa kilo ya vitu vilivyojaa hapo mtaani.

Tahadhari ni moja tu, kapasita. Kuna mafundi wanakuuzia zilizong'olewa kwenye pawasaplai mbovu, zimefutwa vumbi zikang'aa. Hiyo inakaa mlangoni pa umeme wa drone yako, ndiyo inayomeza mawimbi ya volti mota zinapofunga breki ghafla. Chukua mpya, ya aina ya ESR ndogo (upinzani mdogo wa ndani), 1000 µF. Ya volti 35 inatosha betri za 4S na 6S, yaani za seli nne na za seli sita. Ukiwa na 6S usikubali ya volti 25, kwa sababu betri ikijaa tu inasoma 25.2. Na uangalie ule mstari pembeni: upande wenye mstari ni hasi. Ukiigeuza itapasuka, na sauti yake majirani watauliza.

---

Binti_Saketi

FundiBawa umegusia chuma cha kulehemu kwa sentensi moja halafu ukapita. Kaka, hapo ndipo drone nyingi zinapofia, kabla hazijaona anga. Nikae hapo kidogo.

Vile vyuma vya kuchomeka ukutani moja kwa moja visivyo na pa kurekebisha joto, achaneni navyo. Kikiwa baridi hakiyeyushi, kikipata moto kinang'oa shaba kwenye bodi. Unataka kinachoonyesha nyuzi joto, chenye nguvu wati 60 kwenda juu. Pinecil au vile vya ncha za T12 vinatosha kabisa, na vizuri vyake vinatumia umeme wa DC, kwa hiyo uwanjani unakichomeka kwenye betri ile ile ya drone. Angalia tu volti kinazoruhusu kabla hujachomeka 6S.

Ncha: iliyokuja nayo ni nyembamba kama sindano. Hiyo haibebi joto. Nunua bapa, ile kama bisibisi, ya milimita 2.4 hivi au zaidi. Waya wa lehemu uwe wa 63/37 wenye risasi, unene wa milimita 0.8. Huo unayeyuka nyuzi 183. Usio na risasi unataka nyuzi 217 hadi 220, na kwa anayejifunza ni mateso bure. Ila una risasi kweli, kwa hiyo dirisha liwe wazi na mikono ioshwe kabla ya kushika chapati.

Sasa tazameni pedi ya hasi ya betri kwenye ESC. Ndiyo inayowashinda watu. Imeunganishwa na shaba nyingi tumboni mwa bodi, kwa hiyo unapoweka chuma, joto lote linanyonywa kwenda ndani. Fundi anaona lehemu haishiki, anaongeza joto mpaka mwisho, anakandamiza, pedi inanyanyuka. Njia ni hii: fluksi kwenye pedi, chuma nyuzi 380 hadi 400, weka tone la lehemu mpaka liwe kichuguu kinachong'aa. Toa chuma. Waya nao uulishe lehemu pembeni mpaka ujae. Ndipo uurudishe waya juu ya kichuguu, uweke ncha bapa juu ya waya, subiri vyote viwili viyeyuke kwa pamoja, ondoa chuma huku mkono wa waya ukiwa umetulia. Ikiganda ikiwa na rangi ya kijivu iliyofubaa na nyufa, waya ulitikisika. Rudia.

Na XT60: kabla hujailehemu, ichomeke na mwenzake. Ile plastiki ikipata moto inalegea na pini zinapinda, utakuja kushangaa betri haiingii. Ikiwa imechomekwa, mwenzake anazishikilia pini zisiende popote.

Bisibisi za pembe sita: 1.5, 2.0 na 2.5, ziwe za chuma kigumu. Hapa usibane matumizi. Bisibisi ya bure inayokuja kwenye mfuko wa fremu inakula kichwa cha skrubu siku ya kwanza, kisha unatafuta msumeno. Na spana namba 8 kwa nati za propela.

---

Dogo_Kihonda

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni humu.

Nimepata mota nne za 2207 za 2450KV kwa mtu, bei ya kutupa. Nina mpango wa 6S kwa sababu naona wote wanatumia 6S. Zitafaa? Na swali la pili msinicheke: nina seli nyingi za 18650 za laptop mbovu. Naweza kujiundia betri ya drone?

---

FundiBawa

Marahaba dogo. Hakuna wa kukucheka, maswali yote mawili ni ya maana.

KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Zidisha mwenyewe. 6S ikijaa ni volti 25.2. Ukizidisha kwa 2450 unapata mizunguko 61,740. Mota za inchi 5 za 6S huwa ni 1700 hadi 1950KV. Chukua 1750, ni 44,100. Umeona pengo? Propela ya inchi 5 ikizungushwa kwa 61,740 mota itadai ampea ambazo ESC yako haina, na koili zitakuwa nyeusi. Hizo 2450KV ni za 4S: volti 16.8 mara 2450 ni 41,160. Hapo zinakaa sawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuamua, kabla ya fremu na kabla ya rangi, ni 4S au 6S, kwa sababu mota, ESC, kapasita, betri na chaja vyote vinalifuata. Faida ya 6S iko kwenye ampea. Chukua wati 600. Kwa volti 16 ni ampea 37.5, kwa volti 24 ni 25 tu. Ampea zikipungua waya hazichemki na betri haizami volti ukikanyaga mafuta. Ndiyo maana wengi wamehamia huko. Lakini kama mota umezipata kwa bei ya kutupa na ni nzima, kaa na 4S, jifunzie hapo. Hakuna polisi wa 6S. Zungusha kila moja kwa kidole kwanza: ukisikia mchanga ndani, beringi imekwisha, ukiona kengele yake inayumba, shafti imepinda.

Seli za laptop: kwa drone ya inchi 5, hapana. Seli ya laptop inatoa ampea chache tu bila kulalamika, na wewe ukikanyaga mafuta kwa nguvu unaomba zaidi ya ampea mia kwa sekunde kadhaa. Zitazama volti na drone itashuka kama embe. Watu wanaorusha drone za safari ndefu za inchi 7 wanatumia seli za lithiamu ayoni kweli, lakini ni 21700 za kutoa ampea nyingi, mfano Molicel P42A, na wanaendesha polepole. Zako zipime, zile zitakazoonekana nzima ziweke kwenye rimoti. Ile Pocket inatumia 18650 mbili na inauzwa bila betri, kwa hiyo hapo umeokoa hela.

ESC: ile ya nne kwa moja (bodi moja kwa mota zote nne), ampea 45 hadi 60. Angalia programu iliyo ndani. BLHeli_32 waliifunga mwaka 2024, haiendelezwi tena, kwa hiyo kwa kununua mpya sasa chukua ya AM32, ambayo ni huria, au BLHeli_S ambayo unaweza kuiwekea Bluejay. Zote zinafanya kazi vizuri na Betaflight.

---

Kaskazi_Njema

Nawasalimu nikiwa Tanga. Nyie wa bara mna vumbi, sisi tuna chumvi, na chumvi haina rafiki.

Bodi ikikaa uchi ufukweni, miguu ya chipu inaanza kuota ukungu wa kijani. Kuna mipako maalumu ya bodi, ukiipata ipake. Ukiikosa, rangi ya kucha ile isiyo na rangi inasaidia. Dada zenu wanayo. Paka ESC, kontrola na risiva, tabaka jembamba, acha zikauke. Usipake mlango wa USB, vitufe, soketi za plagi, wala kile kichipu chenye kitundu kidogo juu, ndicho kinachopima kimo kwa shinikizo la hewa. Ukikiziba kimekufa. Na lehemu kila kitu kwanza, ndipo upake, maana kulehemu juu ya rangi ya kucha kunanuka.

Mchanga nao. Mota ina sumaku, na ufukweni kuna ile michanga myeusi myeusi yenye chuma. Ukitua juu ya mchanga inavutwa mpaka kwenye lile pengo kati ya sumaku na koili, na haitoki kwa kupuliza. Inatolewa kwa utepe wa gundi, chembe kwa chembe, na utajuta. Mimi natandika mkeka. Mkeka wa ukindu mkubwa, jiwe kila pembe, narukia hapo na kutua hapo. Hata ukiwa shamba ni hivyo hivyo, majani marefu yanakamata propela kabla hujainuka.

Na jambo moja sijaona mtu akilitaja: kengele yenye betri yake yenyewe. Ukianguka kwenye mahindi au miwa, betri kubwa huwa inachomoka kwa kishindo, drone inakuwa maiti, haina sauti wala picha. Kile kidude cha gramu chache kinaendelea kulia chenyewe. Zipo kama Vifly Finder. Bei yake ni ndogo kuliko GPS, na mahindi yakishafika kifuani ndiyo kitakachokurudisha nyumbani na drone.

---

Binti_Saketi

Kaskazi umenifurahisha na hilo la dada zenu. Ninayo, na naiweka kwenye sanduku la vifaa, siyo la vipodozi.

Tuje kwenye video, maana FundiBawa amelikwepa. Analogi au dijitali? Mimi nasema anayeweza aende dijitali moja kwa moja. Picha ya analogi ni ile ya TV ya chogo yenye chenga. Waya wa umeme huuoni mpaka uwe umeugonga, na matawi makavu ndiyo kabisa. Anayejifunza anahitaji kuona kuliko hata bingwa.

---

FundiBawa

Sijalikwepa dada, nilijua utalileta.

Kamera na transmita ya analogi pamoja ni kama dola 40. Kifaa cha video cha dijitali cha DJI O3 peke yake kilipotoka kilizidi dola 150, na kinakaa mbele kabisa ya drone, mahali panapofika kwanza kwenye ukuta. Anayejifunza ndiye anayegonga ukuta. Halafu dijitali inakufunga ndoa: miwani ya DJI haipokei Walksnail, mfumo wa kampuni nyingine, na ya Walksnail haipokei DJI. Analogi miwani yoyote ya 5.8 GHz inapokea transmita yoyote, na rafiki yako akija na miwani yake anaona unachoona.

---

Binti_Saketi

Na mtu akishanunua miwani ya analogi, mwaka ujao akaiuza kwa hasara anunue ya dijitali, hiyo dola 40 bado ni rahisi?

---

FundiBawa

Inategemea kama ataendelea na mchezo huu. Wengi hawaendelei.

Tukubaliane kwenye hili tu: transmita ya video usiiwashe bila antena, ya aina yoyote ile. Nguvu isiyotoka nje inarudi kuikaanga yenyewe. Na angalia aina ya mzunguko wa antena: RHCP (wa kulia) kwa RHCP, LHCP (wa kushoto) kwa LHCP. Ukichanganya, picha inakatika umbali wa kutupa jiwe na unaanza kulaumu kifaa.

Mkiwa wengi uwanjani kwa analogi, gaweni chaneli kabla mtu hajachomeka betri. Kwenye Raceband (kundi la chaneli nane, R1 hadi R8) watu wanne hukaa R1, R3, R6 na R8, yaani 5658, 5732, 5843 na 5917 MHz. Ukichomeka kimya kimya kwenye chaneli ya mwenzako aliye hewani, umemfumba macho. Urafiki unaweza kuisha hapo.

---

Dogo_Kihonda

Wakuu nimerudi. Nimekaa na 4S kama mlivyonielekeza na nimeshaunga. Ila mota moja ukiiwasha kwenye Betaflight inatikisika tik-tik-tik, haizunguki. Zile tatu ziko poa. Nimeshawasha kama mara tano kuhakikisha. Propela hazipo, msiwe na wasiwasi.

---

Binti_Saketi

Acha kuiwasha. Usiwashe hata mara moja tena.

Mota ina nyaya tatu. Ikitikisika bila kuzunguka, mara nyingi waya mmoja haujashika kwenye pedi, au kuna kitu kinagusa koili. Anza na skrubu. Umefungia mota kwa skrubu za urefu gani, na mkono wa fremu una unene gani?

---

Dogo_Kihonda

Mkono milimita 5. Skrubu M3, nimepima na rula, ni 10. Zile za 8 zilipungua nikatumia zilizokuja na fremu, kwenye hiyo mota tu.

---

Binti_Saketi

Basi mgonjwa amepatikana. 10 toa 5, milimita 5 zimeingia ndani ya mota. Kitako cha mota kina nyuzi za milimita mbili au tatu tu, zinazobaki zimeenda kukandamiza koili. Mkono wa milimita 5 unataka skrubu ya 8, basi.

Fungua, toa mota, ikague chini kwa tochi. Ile rangi ya shaba ya koili ni vanishi inayokinga umeme. Ukiona mkwaruzo unaong'aa, hapo imechubuka. Weka multimita kwenye mlio: mguu mmoja kwenye waya wa mota, mwingine kwenye chuma cha kitako. Ikilia, mota hiyo imeungana na fremu, na kumbuka kaboni inapitisha umeme. Isipolia, funga skrubu sahihi, rudia lehemu za nyaya zote tatu, kisha ujaribu.

Unapojaribu, usichomeke betri moja kwa moja. Tengeneza kizuizi cha moshi. XT60 dume na XT60 jike, hasi kwa hasi waya mmoja kwa mmoja, kwenye chanya katikati unaweka globu ya breki ya gari, volti 12 wati 21. Betri upande huu, drone upande ule. Globu ikimulika mara moja ikazima au ikabaki hafifu sana, hiyo ni kapasita imejaa na bodi zinakula kidogo, uko salama. Ikiwaka ng'aa ikabaki hivyo, kuna njia ya mkato (shoti) mahali, chomoa. Ile globu haitapitisha zaidi ya ampea mbili hivi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Mota usiziwashe ukiwa kwenye globu, hazitapata umeme wa kutosha.

---

Dogo_Kihonda

Haijalia. Nimefunga za 8, nimerudia lehemu, globu ilimulika ikazima. INAZUNGUKA. Dada Mungu akubariki.

---

MzeeWaChaja

Vijana, nimesoma kimya mpaka hapa. Mmezungumza kila kitu isipokuwa kile kinachoweza kuchoma nyumba.

Betri ya LiPo: seli moja ikijaa ni volti 4.2. Ukirusha, tua ikifika karibu 3.5. Ukiishusha chini ya 3.0 imeumia. Usipoitumia kwa siku kadhaa iache kwenye 3.8 kila seli. Chaja yoyote nzuri ina kitufe cha kuifikisha hapo. Watu wanaijaza Ijumaa kwa ajili ya Jumapili, Jumapili inanyesha, betri inakaa imejaa mwezi mzima. Kisha wanalalamika imevimba.

Chaji kwa 1C, yaani ampea zinazolingana na ukubwa wa betri. Betri ya 1300 mAh ni ampea 1.3, ya 1500 ni 1.5. Waya mdogo mweupe wa kusawazisha seli lazima uchomekwe. Chaji ukiwepo, juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na pazia na godoro, na ndoo ya mchanga karibu. Iliyovimba au iliyotobolewa haichajiwi tena. Imalizieni kwa globu ile ile ya breki mpaka izime kabisa.

Namba ya C kwenye lebo msiiamini. 1300 mAh kwa 100C maana yake ampea 130, na ni wachache wanaotoa hizo kweli. Tazama vitu viwili: uzito, na upinzani wa ndani. Betri nyepesi mno kwa ukubwa ulioandikwa ina kitu imepunguziwa. Upinzani chaja inausoma yenyewe kwa miliohm. Kwa ukubwa huu seli nzuri ziko tarakimu moja na zinalingana. Ukiona tatu zina 4 na moja ina 15, hiyo moja ndiyo itakayoiangusha drone.

Chaja: chukua inayopokea umeme wa DC pia, ISDT na ToolkitRC wanazo. Siku ya mgao unaichomeka kwenye betri ya gari na maisha yanaendelea.

---

msee_wa_umeme

Mzee amemaliza. Mimi nina la mizigo.

Kampuni nyingi za kargo hazibebi betri za lithiamu kwa ndege, au wana mzigo wao tofauti wa bei tofauti. Ukichanganya betri na fremu kwenye agizo moja, mzigo wote unakwama. Agiza kando. Na kama una mtu anatoka Dubai au Guangzhou, betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi la kupima. Kila plagi izibwe kwa utepe. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja bila kuomba ruhusa. Piga hesabu: 4S ya 1500 mAh ni 14.8 mara 1.5, sawa na 22.2. 6S ya 1300 ni kama 28.9. Uko mbali na kikomo, ila shirika la ndege linaweza kuweka idadi yake, kwa hiyo aulize kwanza.

Karatasi sasa. Kenya tuna kanuni za drone za KCAA (mamlaka yetu ya usafiri wa anga) za 2020, Tanzania kuna za TCAA, mamlaka ya kwao, za 2018. Ruhusa inaombwa kabla kifaa hakijaingia nchini. Hata ukiagiza vipande vipande, forodhani wakiona fremu na mota nne wanajua ni nini. Na usirushe karibu na uwanja wa ndege au kambi, hilo halihitaji kusoma kanuni.

---

Kaskazi_Njema

Na mikutano ya siasa. Tafadhali.

---

Dogo_Kihonda

Wakuu la mwisho. Nikihamia 6S baadaye, hiyo globu ya volti 12 bado itafaa? Maana 25.2 si itaipasua?

---

Binti_Saketi

Kukiwa na njia ya mkato itaungua, ndiyo, ingawa ikiungua nayo imekata umeme na drone imepona. Tumia ya volti 24. Nenda maduka ya vipuri vya malori, omba globu ya breki ya Fuso, wati 21. Ukiikosa, funga mbili za volti 12 mfululizo.

Ila dogo, kabla ya 6S, fungua ukurasa wa dharura (Failsafe) kwenye Betaflight uniambie umeweka nini. Rimoti ikizimika drone inatakiwa izime mota yenyewe ndani ya muda mfupi. Jaribu mezani, bila propela: washa mota, zima rimoti, hesabu sekunde mpaka zizime. Kisha ulete jibu hapa.

---

Dogo_Kihonda

Zimezima baada ya kama sekunde moja na nusu.

---

Binti_Saketi

Hapo sawa. Funga propela. Na mara ya kwanza nenda uwanjani asubuhi, kabla watoto hawajafika.